Barua ya Mkononi au Kundi la WhatsApp?

Bodi ya usimamizi ikibadilisha kanuni za shule, kundi la WhatsApp ndilo njia ya haraka ya kuwajulisha wazazi. Tatizo, kufika jioni waraka umezikwa chini ya maswali ya basi la shule, na mzazi asiye na bando hauoni. Barua huchelewa, pengine ijikunje chini ya begi siku mbili. Lakini ina kipande cha kukata, kutia sahihi na kurudisha, hivyo mwalimu wa darasa anajua nani hajaipata. Kwa mambo ya pesa, barua tu: itaje tarehe ya kuanza, kanuni inayofutwa, na idhini iliyotolewa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 hairuhusu shule ya umma kutoza malipo mengine bila idhini ya Waziri wa Elimu. WhatsApp ibaki ya kukumbusha.