Red Dead Redemption: mwisho ulioniacha kimya
Gemu ya 2010 hii ila mwisho wake bado sijaona wa kuufikia (spoila zipo, usilalamike). Ukishamalizana na Dutch, bosi wa genge la zamani la John (ndo unayemcheza), unadhani basi, kumbe unarudi shamba kuswaga ng'ombe na kwenda kuwinda na mwanao Jack, na hapo ndo watengenezaji wanakukamata moyo, maana jeshi likija unajua kabisa nini kinapotea. John anafungua mlango wa ghala, kila kitu kinaenda slo, unalenga harakaharaka ukiamini utatoboa, wapi! Bunduki ni nyingi mno. Sio ile gemu nyingine niliyoikeshea wiki nzima, bosi wa mwisho batani moja tu kafa, majina yakaanza kupanda, nikabaki ndo imeisha?? Kinachoniudhi hapa ni kisasi cha Jack kwa kifo cha baba yake kufichwa kwenye misheni ya pembeni, ukizima mapema hukioni.