TAHADHARI: Kijana wa suti ya buluu anayeuza tiketi za mbuga ndani ya hoteli Nairobi

Siku tisa nimelimeza hili. Mume wangu aliniambia ninyamaze, mambo yatapita. Hayapiti. Kila nikifungua M-Pesa naliona lile jina, na damu inanichemka upya. Kwa hivyo leo nasema, na anayetaka kunicheka anicheke, maana lau ni mwingine aliyeniletea kisa hiki hata mimi ningecheka.

Nimeliwa 18,500. Mimi! Mimi niliyewagombeza nyote mliotuma pesa kwa wale matapeli wa vifaranga. Haya, semeni.

Tulikuwa Nairobi mimi na mume wangu, na mama na watoto wote wanne. Hoteli siitaji. Ni ile kubwa ya katikati ya mji tuliyofikia, ukisimama dirishani unaiona KICC, lile jumba la mikutano, karibu uinyooshee mkono uiguse. Mlango wa vioo, mashine ya kukagua mikoba, soja wawili wamevaa glavu nyeupe. Nayasema haya ili mjue kwamba sikuokotwa stendi ya matatu. Nilitapeliwa nimekaa kwenye sofa ya ngozi.

Treni ilituteremsha Syokimau usiku, tumechoka hoi. Asubuhi yake, baada ya chai, nikashuka na mama mapokezi niulize habari za Nairobi National Park, kwa sababu mama neno lake lilikuwa moja tangu Miritini, stesheni yetu ya Mombasa: aione simba kabla macho hayajamzimikia kabisa. Pale mapokezi kulikuwa na foleni ya watu wa mkutano, kila mmoja na kitambulisho shingoni, na wahudumu ni wawili tu. Nikaona tukae tungoje. Mezani mbele yangu nikaweka simu, miwani ya mama, na ile bahasha ndogo ya kadi ya mlango, namba ya chumba imeandikwa juu kwa kalamu. Ikumbukeni hiyo bahasha.

Akatokea upande wa lifti. Suti ya buluu iliyomkaa vizuri, beji kifuani, tableti kwapani. Hakuniangalia mimi hata kidogo. Alimwinamia mama.

"Shikamoo, mama."

Mama akaitikia "Marahaba, mwanangu" kwa sauti ambayo sijaisikia tangu Disemba. Nyinyi wa Pwani mtanielewa. Usiku kucha masikio yetu yalikuwa yamejaa sasa na niaje, dereva anamwita mama "mathe", halafu anakuja kijana wa watu na shikamoo yake kamili, ameinamisha kichwa. Iliingia kama maji ya mtungini wakati wa kufuturu. Akauliza kama tunatoka Mombasa. Akasema na yeye ni mzaliwa wa Mji wa Kale, pale karibu na Fort Jesus, ila kazi ndiyo iliyomleta bara. Basi mama akafunguka. Akaanza kumuuliza ukoo, naye anajibu kwa kucheka, anarukia jambo jingine, na mimi nimekaa naona raha mama anavyozungumza.

Ndipo akanigeukia. "Nyinyi ndio wa 714, siyo? Nimeambiwa niwashughulikie leo."

Nimeambiwa! Nani alimwambia? Sikuuliza. Ametaja namba ya chumba changu, kwangu mimi huyo ni mtu wa hoteli, mjadala umefungwa. Na si hilo tu. Soja wa mlangoni alimpungia mkono akamwita bosi. Mhudumu akamletea chai, kikombe na sahani yake, bila yeye kuagiza mbele yetu. Niambieni ukweli, mtu anayeletewa chai mle ndani ungemwomba kitambulisho?

Akafungua tableti. Hapo ndipo aliponimaliza. Picha moja baada ya nyingine: twiga na nyuma yake maghorofa ya mji, faru, simba amelala barabarani. "Na tembo, mama, makundi kwa makundi, utawahesabu uchoke." Tiketi moja, akasema, ya siku nzima. Saa tatu gari inatuchukua mlangoni, tunaingia mbugani. Mchana Giraffe Centre, watoto wawalishe twiga kwa mkono. Saa tisa alasiri kwa Sheldrick, kuwatazama wale tembo yatima wakinyonyeshwa kwa chupa. Tukirudi tunapitia Makumbusho ya Taifa. Watu saba kwa 18,500, na gari ndani yake.

Nikasema ngoja niwaulize pale mapokezi wanatoza vipi. Akasogea karibu, akashusha sauti. "Dada, ukiwauliza wale wataongeza komisheni yao. Hii nawafanyia kwa ajili ya mama."

Na mimi, mwanamke mzima, nikajiona nimebahatika. Hili ndilo linaloniuma kuliko pesa. Nilijiona mjanja! Nilikuwa nawaonea huruma wale wa foleni ambao watalipa bei ya juu.

Akanitajia namba nitume. Jina likatokea, la mwanamke. Kidole kikasita juu ya simu. Nakumbuka hasa kilivyosita. Akasema, "Huyo ni mhasibu wetu," na wakati huohuo akaona ukanda wa kiatu cha mama umefunguka. Akapiga goti. Suti na kila kitu, goti kwenye marumaru, akamfunga mama ukanda wa kiatu taratibu, huku anamwambia "pole, mama." Nikaingiza namba ya siri.

Dakika tano hazikupita, tiketi ikaingia WhatsApp. Nembo ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, juu, ile alama ya miraba ya kuskani chini. Nikamwonyesha mume wangu kwa majivuno.

Saa tatu hakuna gari. Saa tatu na nusu nikampigia, akapokea vizuri tu, amekwama na foleni Uhuru Highway. Saa nne, gari imepata pancha pale Nyayo. Watoto wameshavaa kofia wamekaa mstari kwenye ngazi za hoteli kama wanafunzi wanaosubiri basi. Akasema chukueni teksi, nitawarudishia hela getini. Nasi tukachukua teksi! Mbili, maana hatuenei kwenye moja. Yaani nimemlipa mwizi, kisha nikajigharimia nauli ya kwenda kuaibika.

Getini Lang'ata Road, mama na wajukuu wakabaki ndani ya gari, nikashuka na simu. Askari wa KWS, binti mdogo mwenye adabu zake, akaskani. Akafuta kioo cha simu yangu kwa kitambaa, akaskani tena. Akaniuliza jina. Nikamtajia. Akasema, "Mama, tiketi hii ni ya mtu mmoja, jina jingine, na ilishatumika mwezi wa pili." Nyuma yangu kuna foleni. Nikaanza kubishana naye, astaghfirullah, nikamwambia mashine yake ndiyo mbovu, mimi nimeletwa na hoteli. Hakunijibu vibaya. Alinisogeza pembeni, akaivuta ile picha kwa vidole ikawa kubwa, akanionyesha: namba ya watu imebandikwa juu ya namba nyingine, hata wino haulingani, na Nairobi imeandikwa "Narobi". Nilikuwa nimeitazama tiketi ile mara kumi asubuhi.

Nikampigia. Simu inaita mpaka inakatika. Mara ya tatu ikawa haipatikani. WhatsApp, picha yake imeshatoweka.

Ya kurudi hotelini nayapitia haraka maana nikiyakaa nitalia. Mapokezi hawamjui. Walidhani ni dereva wetu. Soja alidhani ni mgeni, tena mgeni wa siku nyingi, kwa sababu humsalimu kila asubuhi na juzi alimpa hela ya chai. Mhudumu alipeleka chai kwa sababu aliambiwa "iweke kwenye 714." NAAM! Chai ile ilikuwa kwenye bili yetu! Nimelipia chai aliyokunywa huku ananiibia. Walipotaka nisaini bili ile nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa, ni mwezi mtukufu unakuja.

Meneja alikuwa na "pole sana" nyingi. Chai wakaifuta. Mengine, wakasema, ni makubaliano ya nje ya hoteli. Nje vipi, na sofa ni yenu? Picha za kamera wakasema watawapa polisi tu. Polisi nimekwenda, nimeandikiwa namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, nimeambiwa ningoje. Ule ujumbe wa M-Pesa niliupeleka 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa irudishwe, siku ileile, lakini pesa ilikuwa imeshatolewa, imebaki namba tupu.

Sasa nasikia kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, ni miaka mitatu. Mitatu! Kwa mtu aliyepiga goti mbele ya mama yangu? Mimi ningempa mitatu kwa pesa, na kumi kwa ule ukanda wa kiatu. Avuliwe ile suti, atembezwe Moi Avenue mchana kweupe na beji yake shingoni, kila bibi aliyemwamkia amtazame usoni. Na yule mwenye jina la M-Pesa naye asiachwe, laini imesajiliwa kwa kitambulisho, anajulikana alipo, kwa nini hajaitwa? Shangazi ameshasema tusome Albadiri, kile kisomo cha kumwapiza mwizi. Mume wangu hataki. Mimi sijasema ndiyo na sijasema hapana.

Wengine wananiuliza dalili. Dalili zilikuwepo, ndiyo, sasa naziona zote zimejipanga kama mbuzi sokoni. KWS hawauzi tiketi kwa namba ya mtu, na taslimu hawapokei, malipo yao ni eCitizen, ule mtandao wa serikali, na unalipia mwenyewe. Jina la mwanamke lile lingetosha. Tiketi moja ya kila mahali haipo: mbuga ni ya KWS, makumbusho yana shirika lake, Giraffe Centre wana wenyewe, Sheldrick wana wenyewe na lazima uweke nafasi mapema. Tena kwa Sheldrick wageni wanaingia saa moja tu kwa siku, saa tano mpaka saa sita mchana. Yeye alituambia saa tisa! Na tembo, jamani, tembo. Yule binti wa getini aliniuliza kwa upole nani alituahidi tembo, kwa maana mbuga ile simba wapo, nyati wapo, faru weusi wapo, chui yupo ukiwa na bahati, lakini tembo wa kuzurura hakuna, isipokuwa hao mayatima. Kilomita za mraba 117, na mji umeikalia kichwani tangu 1946, tembo makundi kwa makundi watapita wapi?

Na Fort Jesus. Mtu wa Mji wa Kale gani akiongea na bibi wa Mji wa Kale anasema Fort Jesus? Angesema Ngomeni. Mama mwenyewe hakulishika, nami sikulishika, tulikuwa tumelewa shikamoo.

Ile bahasha ya kadi ndiyo iliyompa namba ya chumba. Ilikuwa mezani, uso juu.

Kuna dawati la safari mlemle hotelini, nyuma ya ngazi, nililiona siku ya kuondoka. Mtu akikufuata kwenye kiti mpeleke pale mbele ya wenzake. Na mwongozaji wa kweli ana leseni ya Tourism Regulatory Authority, mamlaka inayosimamia utalii, mwombe, hata akikasirika. Hayo ndiyo niliyonayo. Mengine waulizeni wenye akili, mimi si mmoja wao mwezi huu.

Umri wake ni thelathini hivi, mwembamba, mrefu wa wastani, jino la mbele lina ufa mdogo, saa kubwa ya fedha mkono wa kulia. Anazungumza Kiswahili kizuri mno. Namba niliyotuma pesa anayo polisi, na yeyote aliyewahi kumtumia mtu kama huyu aniandikie tulinganishe, maana naambiwa huhama hoteli hadi hoteli pale katikati ya mji. Watu wawili wameshaniandikia. Kwa mmoja wao alijidai ni mtu wa Lamu.

Mkija nyumbani kumjulia hali mama, tafadhali msilitaje. Tulimwambia mashine ya getini imeharibika, akakubali, na kesho yake tukamtembeza KICC akaridhika na ile sanamu ya Mzee Kenyatta. Lakini juzi ameniuliza kama nina namba ya yule kijana wa Mji wa Kale, anataka kumtumia mbaazi na mahamri akipata mtu wa kwenda Nairobi.