Uzoefu wangu: kuchagua kamba ya mti na vifaa vya kukwea kwa uwindaji wa tandiko

Ninawinda kulungu wa mkia mweupe kwa upinde katika vilima vya kusini-mashariki mwa Ohio, nchini Marekani, hasa katika ardhi ya umma ya Wayne National Forest, ambako msimu wa upinde huanza mwishoni mwa Septemba na kwenda hadi mwanzoni mwa Februari. Niliachana na majukwaa mazito ya chuma nikahamia kwenye tandiko, yaani hanesi pana ya kitambaa inayoshika nyonga na mapaja, ambayo mwindaji huikalia akiwa ameuelekea mti, miguu ikiwa juu ya kibao kidogo cha alumini na uzito wake ukibebwa na kamba moja iliyozungushwa kwenye shina, iitwayo kamba ya mti. Wenzangu wanaotaka kuanza huniuliza kwanza kuhusu tandiko lenyewe: lipi linakalika, lipi halibani mapaja. Mimi huwarudisha kwenye kamba, kwa sababu tandiko lisilofaa litakuchosha kabla ya saa tatu asubuhi, ilhali kamba isiyofaa, au kamba nzuri iliyowekewa kibanio kisichoendana nayo, inaweza kukutoa roho.

Kamba yangu ya mti ni ya milimita 11, ya aina isiyonyumbuka sana, na niliinunua katika duka linalowauzia vifaa mafundi wa kukata na kupogoa miti. Nilipendelea duka hilo kwa kuwa muuzaji aliweza kunionyesha karatasi ya mtengenezaji na kunieleza kila tarakimu iliyomo. Kiwango cha Ulaya cha EN 1891 kinataka kamba ya aina A ihimili angalau kilonewtoni 22 ikivutwa bila fundo, na 15 ikiwa na fundo mwishoni, tena isirefuke zaidi ya asilimia 5 mzigo unapopanda kutoka kilo 50 hadi 150. Kwa asiyezoea kipimo hicho, kilonewtoni 1 ni sawa na uzito wa kilo 102 hivi, kwa hiyo mtu wa kilo 90 pamoja na nguo na mkoba wake hafikishi hata kilonewtoni moja akiwa ametulia. Ugumu huo wa kamba unafaa kazi hii: unapoegemea nyuma na kuvuta upinde, hutaki kamba inayokuchezesha juu na chini. Lakini una gharama yake, nami nitaieleza.

Jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alielewe kabla ya kutoa fedha ni kwamba mwindaji hashikwi na kamba moja kwa moja. Anashikwa na kile kinachoibana kamba, ambacho karabina ya tandiko, yaani pete ya chuma yenye mlango, imeunganishwa nacho, na ambacho unakisogeza juu au chini ili kurekebisha urefu. Kipo cha aina mbili. Cha kwanza ni fundo la Prusik, lililopewa jina la mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, aliyelieleza mwaka 1931. Ni kitanzi cha kamba nyembamba kinachozungushwa mara tatu kwenye kamba kuu, nacho huteleza kikiwa hakina mzigo na kukaza mara tu kinapovutwa. Cha pili ni kibanio cha chuma, kama Ropeman 1 ya Wild Country au Duck ya Kong, ambacho husukumwa kwa mkono mmoja hata ukiwa umevaa glavu nene. Wepesi wa kibanio unavutia sana, na ndiyo maana kimeenea. Hata hivyo, kiwango cha EN 567 kinachohusu vibanio hivyo hukijaribu kwa kilonewtoni 4 tu. Watu husoma 22 kwenye karabina, wakasoma 22 kwenye kamba, wakatosheka, bila kuona kwamba katikati yake kuna kiungo ambacho kazi yake ilikuwa kumsaidia mpanda kamba apande, na hakikukusudiwa kumdaka anayeanguka.

Nimevitumia vyote viwili, na uamuzi wangu ni huu: kwenye kamba ya mti, inayonibeba kwa saa nyingi, naweka fundo la Prusik, kibanio cha chuma kinabaki kwenye kamba ya kupandia, ile inayonishika wakati wa kukwea. Kitanzi changu cha Prusik ni cha milimita 8 juu ya kamba ya milimita 11. Uwiano huo si wa kubahatisha. Kitanzi kikikaribia unene wa kamba kuu hakikazi haraka, na kikiwa chembamba mno hukaza hadi ukashindwa kukifungua kwa vidole vilivyoganda. Kibanio nacho kimeandikwa ubavuni unene wa kamba kinayoikubali, na andiko hilo ni la kutiiwa. Nimeona wawindaji wakinunua kamba nyembamba ya kisasa ya milimita 8 ili wapunguze mzigo, kisha wakahamishia humo kibanio kilichotengenezwa kwa kamba nene, na hapo ndipo mtu hujiona salama ilhali meno ya chuma yameshika nusu nusu. Vyovyote utakavyochagua, mwisho wa kamba uwe na fundo nene la kuzuia, ili kibanio kikiteleza kisitoke kabisa.

Sasa nirudi kwenye gharama ya kamba ngumu. Kamba isiyorefuka haimezi nguvu ya mwanguko, hivyo nguvu hiyo inaishia kwenye kibanio, kwenye karabina na kwenye uti wa mgongo wako. Kanuni za usalama kazini za OSHA nchini Marekani haziruhusu mfanyakazi aliyevaa hanesi ya mwili mzima adakwe kwa nguvu inayozidi kilonewtoni 8, na hata huyo huwekewa kifaa cha kupunguza mshtuko. Tandiko letu linashika nyonga tu na halina kifaa hicho. Kwa sababu hiyo kamba ya mti inapaswa kuzuia mwanguko usianze kabisa, na njia ya kufanya hivyo ni kuifunga juu, usawa wa paji la uso au zaidi, na kutoiacha ilegee hata kidogo. Ukiifunga usawa wa kiuno ili upate nafasi ya kujigeuza, umejipa urefu wa kuanguka kabla ya kudakwa. Mimi sipandi hatua hata moja juu ya pale kamba yangu ilipozunguka shina.

Kuhusu daraja, yaani kile kipande cha kamba kinachounganisha pande mbili za tandiko mbele ya tumbo, matandiko mengi huja na kamba ya Dyneema, aina ya nyuzi za plastiki. Ni nyepesi na ina nguvu ya ajabu kwa unene wake, lakini ina udhaifu wa aina mbili: ni telezi mno kiasi kwamba mafundo ya kawaida hujifungua yenyewe, kwa hiyo vitanzi vyake hufumwa kwa nyuzi zake zenyewe; na huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 150 za Selsiasi, wakati poliesta hustahimili zaidi ya 250. Ndiyo maana siachi daraja langu lisuguane na kamba nyingine inayokimbia.

Kukwea kwenyewe ndiko kunakohitaji kamba ya pili. Wakwezi wa minazi wa pwani yetu hupanda kwa mikono, miguu na ustadi wa miaka, lakini mwindaji anayepanda mwaloni gizani akiwa na mkoba mgongoni afuate mfano wa mafundi wa umeme kwenye nguzo: kamba inayozunguka shina na kurudi kwenye vitanzi viwili vya kiunoni, tangu mguu unapoacha ardhi. Panapokuwa na tawi njiani, naifunga kwanza kamba ya mti juu ya tawi, naijaribu kwa uzito wangu wote, ndipo nafungua ya kupandia. Sijawahi kukubali dakika isiyo na kamba, hata kwa tawi moja dogo.

Kwa hatua za kukwelea natumia vipande vifupi vya ngazi vya alumini vinavyofungwa kwa kamba, kwa kuwa skrubu na misumari huumiza mti. Vimenitosha kufika mita 5 hivi. Kelele ndiyo kasoro yake: alumini ikigusa karabina kulungu husikia mbali, nami nimezungushia utepe wa kitambaa. Kuliko kifaa chochote, chagua mti. Ohio imejaa miti ya jamii ya Fraxinus (kwa Kiingereza “ash”) iliyokufa imesimama, kutokana na mdudu wa kijani kutoka Asia aliyegunduliwa jimboni humu mwaka 2003, na miti hiyo huvunjika bila onyo. Sifungi kamba kwenye mti usio na majani yake wakati wa kiangazi, wala chini ya tawi lililokauka.

Onyo moja kuhusu ununuzi. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniletea karabina nzuri kwa macho, zenye rangi ya kuvutia, lakini ubavuni hapakuwa na alama ya kiwango, wala nguvu ya mlalo, wala namba ya toleo. Nilizirudisha. Karabina ya kukubebea uhai inaandikwa nguvu yake kwa urefu, kwa mlalo na mlango ukiwa wazi, na mlango wake hujifunga wenyewe na kujikaza. Angalia pia kikomo cha uzito cha tandiko na kibao, ambacho mara nyingi ni paundi 300, sawa na kilo 136, pamoja na nguo, upinde na kila ulichobeba.

Kabla ya kila msimu napitisha kamba yote kati ya vidole nikiwa nimefumba macho, nikiikunja kitanzi kidogo kila baada ya shubiri moja. Mahali kiini kilipoumia, kamba hujikunja ghafla kama imevunjika ndani, na mahali ilipoungua kwa msuguano, ganda huwa gumu na la kung'aa. Desemba, kamba iliyolowa ikiganda, naijaribu Prusik nikiwa bado chini, nikining'inia sentimita chache juu ya ardhi. Ikisita kushika, naiweka kando na kutumia ile kavu niliyoifungia mfukoni. Kitanzi cha Prusik nakibadilisha kila msimu kwa kuwa ni rahisi kukinunua. Kamba kuu nimeiandikia mwaka wa ununuzi kwa wino kwenye utepe wa mwisho wake, na hata ikibaki nzuri kwa macho haitavuka miaka 10, ukomo ambao watengenezaji wengi wa kamba hizi huutaja.