Piza ya Dagaa na Hoja ya Jibini: Tathmini ya Tanuri Moja la Mwanga, Kigoma

Wapenzi wa piza mjini Kigoma wamegawanyika makundi mawili, na kinachowagawa ni jibini kuliko kitu kingine chochote. Kundi la kwanza hupenda piza nene ya kwenye trei, iliyofunikwa jibini mpaka unga hauonekani, na huipima kwa namna jibini linavyovutika kipande kinapoinuliwa. Kundi la pili, ambalo nami nimo, hutaka mkate mwembamba uliochomwa kwa moto mkali wa kuni, ladha ya nyanya ikisikika vizuri na vitu vichache tu vikiwa juu yake. Mgahawa mmoja mdogo wa eneo la Mwanga usio na kibao, ambao watu huutambua kwa tanuri la matofali lililojengwa uani, huwahudumia wa makundi yote mawili kwa moto uleule, na kwa sababu hiyo ndipo mahali panapofaa kupimia hoja zao. Hukumu yangu ni kwamba piza bora kabisa ya hapo, tena inayoufaa mji huu kuliko zote, ni ile isiyotiwa jibini hata chembe, nayo ni piza ya dagaa.

Watu wengi wakielezwa hivyo hudhani wanauziwa piza pungufu. Napoli yenyewe, mji ambao sanaa ya wapishi wake wa piza iliingizwa na UNESCO mwaka 2017 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, haina mawazo hayo. Chama cha huko kinacholinda piza ya Kinapoli, kilichoanzishwa mwaka 1984, kimeweka aina mbili za msingi, marinara na Margherita, na marinara hutengenezwa kwa nyanya, vitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni bila jibini lolote. Hata Margherita, ambayo simulizi mashuhuri huihusisha na ziara ya malkia wa Italia mwaka 1889, hutiwa mozarela kwa kiasi, na sehemu kubwa ya uso wake hubaki nyekundu. Ukivuka kwenda Palermo, kisiwani Sicily, utakuta sfincione, mkate mnene na laini unaotandazwa nyanya, vitunguu vingi, chembe za mkate, jibini la caciocavallo na anchovi, yaani samaki wadogo wa baharini waliohifadhiwa kwa chumvi. Kumweka samaki mdogo mwenye chumvi juu ya mkate na nyanya ni mapishi ya asili kabisa katika nchi ya piza, wala Kigoma haikuyavumbua kwa kukosa kitu kingine.

Tena sisi tuna samaki anayestahili nafasi hiyo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa ukoo wa sardini, tofauti na dagaa wa Ziwa Victoria ambao kinasaba ni jamaa wa ningu, na mtu aliyewala wote wawili hahitaji kuambiwa na mtaalamu kwamba wa kwetu ana mafuta zaidi na ladha nzito zaidi. Mpishi wa mgahawa huu huwanunua wakavu kutoka Kibirizi, huwatoa vichwa, huwaosha upesi ili mchanga utoke bila nyama kulainika, kisha huwaacha kwa muda mfupi katika maji ya limau. Hatua ya limau ndiyo inayomtofautisha na wengine waliojaribu kuiga, kwa sababu huondoa ule ukali wa harufu unaowafukuza wageni na kuacha chumvi na utamu. Baada ya hapo dagaa huchanganywa na vitunguu maji vilivyokatwa vyembamba sana na kijiko cha mawese, na wakati wa kutandaza juu ya sosi mpishi huhakikisha kwamba vitunguu viko juu na dagaa wako chini yake. Ningependa kila anayechoma piza ya samaki alitazame jambo hilo kwa makini, kwa kuwa dagaa aliyeachwa wazi mbele ya moto wa kuni huungua na kuwa mchungu kabla mkate haujaiva, ilhali aliyefunikwa na vitunguu hupata mvuke wao, akatoka akiwa laini ndani na mkavu kidogo nchani.

Kuhusu mawese nimebishana na marafiki wengi, wengine wao wakiwa wa kundi langu. Mawese ni mafuta yenye sauti kubwa, na mpishi akizidisha, kila kitu huwa na ladha ya mawese tu. Katika piza ya dagaa hupatana na samaki na vitunguu kwa sababu vitu hivi vimekuwa vikipikwa pamoja katika nyumba za mkoa huu tangu zamani, na ukingo wa mkate uliopakwa mawese kidogo hupata rangi ya kupendeza na ukavu unaolia mdomoni. Hata hivyo mgahawa huu huyapaka pia kwenye Margherita, na hapo ninapinga kabisa. Mozarela ni jibini pole, lenye ladha ya maziwa na chumvi kidogo, na haiwezi kusimama mbele ya mawese. Afadhali mafuta ya alizeti, ikiwa ya zeituni ni ghali mno kununuliwa.

Tanuri nalo linahitaji kuelezwa, kwa sababu bila kulielewa mtu ataihukumu piza hii kwa kipimo kisicho chake. Kanuni za Napoli hutaka joto la nyuzi 485 hivi, na piza hukaa ndani kwa sekunde 60 hadi 90 tu, ikatoka na ukingo uliovimba na katikati palipo laini hata kipande hulegea mkononi. Tanuri la Mwanga halifiki huko, na piza hukaa humo karibu dakika tatu. Matokeo yake yamekaa karibu zaidi na ile ya New York, ambako mgahawa wa Lombardi's ulianza kuuza piza mwaka 1905 ukichoma kwa makaa ya mawe, yaani mkate mwembamba lakini mkavu zaidi chini, unaoweza kukunjwa na kuliwa kwa mkono mmoja. Kwa nyanya zetu hili ni jambo jema. Nyanya ya San Marzano inayosifiwa Napoli ina nyama nyingi na maji machache, lakini nyingi za sokoni kwetu zina maji, na hata mpishi akizichemsha kwanza ili zipungue, kama anavyofanya huyu, bado zingeulowesha mkate uliochomwa kwa dakika moja.

Unga ndio sehemu inayoyumba. Joto la mji huu huumua donge la hamira upesi mno, na donge lililokandwa asubuhi na kuachwa mezani huwa limeshachacha na kulegea kufikia jioni. Mpishi hulikanda usiku kwa hamira kidogo na chumvi ya Uvinza, akaliweka kwenye friji mpaka siku inayofuata, na umeme ukiwa haukukatika, mkate hutoka na matundu makubwa ukingoni na ladha ya ngano iliyokomaa. Umeme ukikatika usiku, tofauti huonekana wazi kwa kuwa ukingo haunyanyuki na kuna uchachu kidogo. Kwa maoni yangu siku hizo mgahawa ungeuza chapati na supu, ukaahirisha piza.

Sasa nije kwa wenzetu wa piza nene, ambao hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema kwamba piza nene hushibisha, kwamba trei moja hulisha familia nzima, na kwamba jibini ndilo linalowafanya watoto waikubali. Yote hayo ni kweli. Pia wana ushahidi wa miji mikubwa. Chicago imekuwa na piza ya kwenye sufuria yenye kina tangu Pizzeria Uno ilipofunguliwa mwaka 1943, jibini likikaa chini na nyanya juu, na Detroit ina yake ya mstatili tangu mwaka 1946, iliyochomwa mwanzoni katika trei za chuma zilizotumika kwenye viwanda vya magari, jibini likisambazwa mpaka pembeni ili ligandane na chuma na kuwa kavu. Mitindo hiyo ni mizuri inapofanywa kwa masharti yake, na masharti yake hayapo hapa. Piza ya Chicago hukaa nusu saa au zaidi katika joto la wastani, lakini mgahawa huu huisukuma trei katika tanuri lile lile lililowashwa kwa ajili ya piza nyembamba, hivyo juu hubadilika rangi upesi wakati katikati bado pana unga mbichi unaonata menoni. Jibini la hapa husafiri mbali sana kabla ya kufika, mara nyingi likiwa limegandishwa, na likipungua huchanganywa na lile la vipande vilivyofungwa kwa plastiki ambalo halivutiki wala haligandani pembeni. Nimekula piza hii nene pamoja na wanaoipenda, na hata wao waliacha sehemu ya katikati.

Wapo pia wanaosema kwamba mjadala huu wote hauna maana kwa sababu piza yetu halisi ni ile ya Forodhani, Zanzibar, inayokaangwa juu ya tava ikiwa na nyama ya kusaga, yai na vitunguu ndani. Ninaiheshimu sana, lakini ni kazi nyingine, kwani donge lake huvutwa kwa mafuta mpaka liwe jembamba kama karatasi, hukunjwa, na halioni tanuri. Anayeitaka aifuate kwenye tava.

Bei ni za haki. Piza ya dagaa huuzwa shilingi 10,000, Margherita 15,000 na trei nene 25,000, na tofauti hiyo inaonyesha wazi ni kiasi gani cha fedha ya mteja kinachokwenda kwenye jibini. Huduma ni ya adabu, meza hupanguswa, na maji ya kunawa huletwa bila kuombwa. Vinywaji ni soda na juisi ya ukwaju, nayo ukwaju huendana vizuri sana na dagaa. Kuna piza ya migebuka wa kubanikwa pia, ambayo ningeshauri iondolewe, kwa sababu moshi wa samaki juu ya moshi wa tanuri huchosha ulimi, na miiba midogo haikuchambuliwa vya kutosha. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, dagaa mkavu aliyewekwa akiba ndiye aliyeendelea kupatikana jikoni hapo, na nadhani piza yake ilipata wapenzi wapya katika miezi hiyo.

Anayekwenda kwa mara ya kwanza aagize ya dagaa, aombe limau na pilipili mbuzi pembeni, na aombe piza yake isipakwe mawese zaidi ya yaliyomo kwenye vitunguu na yale kidogo ya ukingoni. Ailie pale pale, kwa kuwa bodaboda ikiibeba ndani ya boksi, mvuke huulainisha mkate wa chini kabla haijafika Gungu, sembuse Ujiji. Tanuri huwashwa alasiri na madonge huwa ya idadi iliyokandwa jana yake, kwa hiyo siku za Ijumaa na Jumamosi afike kabla ya saa mbili usiku.