Simon Barere kwenye santuri za HMV: usimpime kwa saa

Wengi wanaolijua jina la mpiga piano Simon Barere wanalijua kwa ajili ya kasi tu. Wanatoa saa, wanaipima Toccata ya Schumann, wanakuta imekwisha kwa dakika nne na robo hivi, na hapo wanaona wameshamsikiliza. Huko ni kumpunja. Katika rekodi alizofanya kwa HMV, kampuni ya santuri ya Uingereza, jijini London kati ya 1934 na 1936, ambazo kampuni ya APR imezikusanya kwenye CD mbili, kasi ni kitu cha rejareja. Kinachostahili fedha yako ni wepesi wa mkono. Noti zinapita kwa mamia na husikii hata moja iliyogongwa.

Barere alizaliwa Odessa mwaka 1896. Alisoma kwenye konsavatori (chuo cha muziki) ya Saint Petersburg, kwanza kwa Anna Yesipova, kisha kwa Felix Blumenfeld, ambaye baadaye alimfundisha pia Vladimir Horowitz kule Kyiv. Horowitz akawa jina la dunia. Barere akapita Riga, Berlin, Sweden na London, hata akafika Marekani mwaka 1936 na kukuta jukwaa limeshajaa wakubwa. Santuri hizi, kwa hiyo, ni kazi ya mtu aliye safarini, na pengine ndiyo maana zilisahaulika upesi.

Anza na Étude (kipande cha mazoezi ya ufundi) ya Blumenfeld mwenyewe, Opus 36, ya mkono wa kushoto peke yake. Mtu asiyeambiwa ataapa kwamba ni mikono miwili. Siri yake ni mgawo wa kazi: kidole gumba kinaimba wimbo katikati ya piano, vidole vinne vilivyobaki vinashuka kuchukua besi na kurudi mbio na mawimbi ya noti, na pedali inaishikilia besi ili isife mkono unapokuwa juu. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wakiichelewesha pedali, besi ya zamani inachanganyika na mpya na yote yanakuwa uji. Wakiiwahisha, wimbo unabaki hauna sakafu. Kosa la pili ni kidole gumba chenyewe, ambacho kwa maumbile ni kizito, na kikiachiwa kitatwanga badala ya kuimba. Sikiliza jinsi Barere anavyokidhibiti: wimbo unapanda na kushuka kama mtu anayevuta pumzi, na mawimbi yanayouzunguka yanabaki chini yake, laini, hata yanapokwenda kasi ya kutisha. Hakuna rekodi nyingine ya kipande hiki inayotakiwa nyumbani.

Sasa nenda kwenye Toccata ya Schumann, lakini saa iache mfukoni. Kipande hiki ni cha noti mbili mbili mwanzo hadi mwisho kwenye mkono wa kulia, na mtihani wake hauko kwenye vidole, uko kwenye kifundo cha mkono. Mpiga piano anayebana kifundo atakuwa na sauti nzuri dakika ya kwanza. Ya pili mkono unaanza kuwaka, na zikifika oktavo za katikati (noti ile ile ikipigwa chini na juu kwa pamoja) atapunguza mwendo na kujifanya ni hisia. Barere hapunguzi, kwa sababu hajabana. Vidole vyake viko karibu kabisa na vibonyezo, na uzito unahama kutoka noti hadi noti bila kunyanyuliwa upya. Kasi inatokana na hapo yenyewe, kama mtu mwenye hatua ndefu asiyehitaji kukimbia. Jambo ambalo wanaopima saa hawalitaji ni mwisho wake. Toccata hii haiishii kwa kishindo, inafifia. Baada ya mbio zote zile, Barere anao akiba ya utulivu wa kuizima taratibu.

Ufupi huu una pia sababu ya kiufundi ambayo huwezi kuiacha. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 ulibeba dakika nne na nusu hivi. Ukiicheza Toccata kwa mwendo wa kawaida na kurudia sehemu ya kwanza kama ilivyoandikwa, inapita hapo. Barere harudii. Kumbuka tena kwamba sauti ilichorwa moja kwa moja kwenye nta. Hapakuwa na kukata wala kuunganisha. Ukikosea noti dakika ya nne, unaitupa nta na kuanza upya, au unaliacha kosa liende dukani. (Wapenzi wa taarabu wanavijua vikwazo hivi: HMV hiyo hiyo ilimrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, na hata yeye alibanwa na upande wa sahani.)

Kwenye Islamey ya Balakirev na Don Juan ya Liszt kuna kisa kinachofaa kujulikana. Hivi ndivyo vipande viwili alivyokuwa akivifanyia mazoezi Scriabin, mtunzi na mpiga piano Mrusi, akiwa mwanafunzi Moscow, hadi akaumia mkono wa kulia. Barere amevirekodi vyote viwili, na karibu yake ameiweka Étude ya Scriabin, Opus 8 namba 12. Islamey inafunguliwa na wimbo mtupu wenye noti zinazorudiwa rudiwa mahali pamoja. Kidole kisichobadilishwa kwenye noti hizo kitakwama, maana kibonyezo hakijarudi juu kabla hakijapigwa tena. Za Barere zinatoka zote, kavu na wazi. Sehemu ya katikati, ya taratibu, ni nzuri kuliko wengi wanavyotarajia kutoka kwake. Mwishoni, pale Balakirev anapotaka mwendo wa hasira, baadhi ya akodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) anazikosa, na mimi nazipokea hivyo hivyo.

Don Juan imeshika kwa sababu nyingine. Wengi huipiga yote kwa sauti kubwa, hata ule wimbo wa Mozart wa watu wawili kubembelezana, ambao Liszt ameurudia mara mbili kwa mapambo tofauti. Barere anaupiga kwa faragha, mwanamume chini na mwanamke juu, na unazisikia sauti mbili tofauti kabisa. Ndipo zinapokuja ngazi za noti mbili mbili, nyepesi mno, kama hariri inayovutwa mezani.

Vipande vidogo nitavipitia haraka: Gnomenreigen ya Liszt ni kito, Valse oubliée yake pia. Scherzo ya tatu ya Chopin ina oktavo za kutisha, lakini msikilize hasa pale wimbo wa taratibu wa akodi unapofuatwa na noti zinazoporomoka kutoka juu. Kwa wengine ni vioo vinavunjika. Kwa Barere ni manyunyu.

Kuhusu kusikiliza kwenyewe. Uhamisho wa APR kutoka santuri hadi CD umeacha mchakacho wa santuri usikike, na hilo ni sahihi. Mchakacho na mng'ao wa piano vinakaa kwenye masafa yale yale ya juu. Ukikifuta kimoja unakifuta na kingine, na kinachobaki ni piano iliyofunikwa blanketi. Nakala nyingi zinazozagaa bure mtandaoni zimesafishwa namna hiyo. Ukikutana na Blumenfeld ambayo haina mchakacho hata kidogo, ikimbie. Jambo la pili ni mzunguko. Santuri ikizungushwa haraka kupita kipimo, kasi na sauti vinapanda pamoja: nusu toni moja juu ni kama asilimia 6 ya kasi, yaani sekunde 15 hivi kwenye Toccata. Kuhakiki ni rahisi. Toccata iko C kuu (C major). Linganisha akodi ya mwisho na piano iliyotyuniwa au programu ya simu ya kutyunia gitaa. Ikisoma C sharp, yaani nusu toni juu, unamsikiliza Barere aliyetiwa chumvi, na hana haja nayo.

Spika ya simu usiitumie kabisa. Besi yote itapotea, na kwenye Blumenfeld maana yake ni kupoteza nusu ya kipande. Headphone za kawaida za waya zinatosha, ilimradi sauti iwe ya wastani. Ukipandisha ili umsikie vizuri, unachopandisha kwanza ni mchakacho.

Zipo pia rekodi za jukwaani Carnegie Hall, New York, kuanzia 1946 hadi 1949, zilizohifadhiwa kwa juhudi za mwanawe Boris. Muhimu zaidi ni Sonata ya Liszt ya Novemba 1947. Hiyo ndiyo inayoonyesha udhaifu wake. Sonata ni jengo la nusu saa linalotaka mtu ajue sehemu ipi ni nguzo na ipi ni korido, na Barere anaishi chumba kwa chumba. Oktavo zinanguruma, noti za uongo zinamwagika, halafu ghafla unakuja ukurasa wa taratibu uliopigwa kwa sauti ya chini ambayo sijaisikia kwingine. Alianguka kwenye jukwaa hilo hilo tarehe 2 Aprili 1951, akipiga Concerto ya Grieg na orkestra ya Philadelphia, akafariki muda mfupi baadaye.

Mwenye fedha ya seti moja tu anunue ya HMV. Mwenye nafasi ya zaidi aongeze diski ya Carnegie yenye Sonata hiyo. Bach ya Carnegie, Fantasia ya Kromatiki na Fyuga yake, unaweza kuiruka: vidole vipo vyote, lakini Bach mwenyewe hayupo.