Lojiki analaiza ya elfu 35 na maswali ya mkaguzi wa draiva

Kama unaandika draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa) na kila pachi yako, yaani badiliko la msimbo, inapita kwa mkaguzi mwenye macho makali, nunua hiki kidude. Ni lojiki analaiza isiyo na jina, yaani kifaa cha kurekodi 0 na 1 zinazopita kwenye waya: chaneli 8, megahezi 24, ndani kina chipu ya Cypress FX2. Niliagiza Kariakoo, kikaja na basi la usiku, nikakichukua stendi ya Nyegezi. Shilingi 35,000 pamoja na usafiri. Kwenye Linux hakina masharti: unafungua PulseView (programu ya kuonyesha rekodi hizo), kinaonekana, unaanza kazi.

Hapa Mwanza tunapima joto la maji kwenye vizimba vya sato kwa vihisi vya DS18B20, vinavyowasiliana kwa njia ya 1-Wire, yaani data yote kwenye waya mmoja. Mkaguzi wangu ni dada mmoja yuko Arusha, hapitishi mstari kwa kukuonea haya. Safari hii aliandika: "Kaka, mbona draiva inalala milisekunde 750 nzima? Kihisi si kinajibu 0 kikiwa bado kinapima, na 1 kikimaliza? Kiulize basi."

Kwa kihisi cha waya tatu, chenye waya wake wa umeme, yuko sahihi kabisa. Vyetu tumevifunga kwa waya mbili. Umeme vinaunyonya kwenye waya huohuo wa data, kwa hiyo wakati wa kupima waya lazima ushikiliwe juu; ukianza kukiuliza kihisi maswali, unakinyima chakula. Ningeweza kumwandikia aya tatu za maelezo. Badala yake nilibana klipu moja kwenye data na nyingine kwenye eathi, nikarekodi kwa megahezi 1 tu (1-Wire ni ya mwendo wa kobe, 24 za nini?), nikamtumia rekodi mbili. Ya kwanza: amri 44 (anza kupima), waya uko juu milisekunde 750, kisha amri BE (soma jibu) na joto la kawaida la maji. Ya pili ni ya msimbo alioupendekeza: amri 44, maswali mfululizo, kisha baiti 50 05. Hizo ni nyuzi 85, namba ambayo DS18B20 huwa nayo kila inapowashwa upya. Sato wa nyuzi 85 ameshaiva.

Akajibu: "Sawa, iache. Ila 750 usiikariri, isome kwenye usanidi wa kihisi." Hapo sikubishana. Kupima kwa usahihi wa biti 12 kunataka milisekunde 750, kwa biti 9 ni 93.75 tu, na pachi iliyofuata ikaenda na hesabu hiyo.

Sasa lawama. Klipu zinazokuja nacho ni takataka, ukikohoa zinachomoka. Tafuta nyingine mapema. Kinga ya maana hakina, kwa hiyo kikae mbali na betri ya volti 12. Na kubwa kuliko yote, kinaona 0 na 1 basi. Mkaguzi alipouliza kama rezista ya kiloomu 4.7, ile inayovuta waya wa data juu, inatosha kwa kebo ndefu inayokwenda kizimba cha mwisho, sikuwa na cha kumwonyesha. Ishara inayopanda kivivu na inayopanda haraka, zote kwenye skrini ni ukuta ulionyooka. Swali hilo linataka osiloskopu, kifaa kinachochora volti zenyewe, na mpaka niazime moja, linabaki wazi kwenye pachi.

Nyota nne. Ya tano zimeikata klipu.