The Simpsons msimu wa sita: "Hapa anaigwa mtu"

Habari zenu jamani, karibuni tena. Niko Ligula, Mtwara, barazani kwetu, na hiki ninachowaonyesha ni boksi la diski za The Simpsons, msimu wa sita. Boksi lenyewe limetengenezwa kwa umbo la kichwa cha Homer, yule baba wa familia, na upara wake na macho yake ya kutokeza. Ndani mna sehemu 25, zilizorushwa Marekani kuanzia Septemba 1994 hadi Mei 1995. Nimezitazama zote. Leo sisimulii visa kimoja kimoja, nataka tuongee juu ya kuiga. Katuni hii inaishi kwa kuiga filamu za watu, nyimbo za watu, vipindi vya watu. Sasa mtu ambaye hajawahi kuviona hivyo vinavyoigwa, anabaki na nini?

Na hilo linatuhusu sisi hasa. Mwaka 1994 huku Tanzania Bara televisheni ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Waandishi wa Simpsons walikuwa wakimwandikia mtu aliyekua mbele ya skrini tangu ananyonya. Wazee wetu kumbukumbu zao zilikuwa redioni na kwenye ngoma.

Basi Jumamosi nikamwita mjomba, ambaye kwao ni Newala na ujanani alicheza mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, nikawaita na watoto wa dada yangu. Nikaweka sehemu inayoitwa "Treehouse of Horror V", kile kisa cha kwanza, "The Shinning". Kinaiga The Shining, filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980: familia inalinda hoteli tupu wakati wa baridi kali, baba anarukwa na akili, anashika shoka. Kwenye katuni, familia ya Homer inakwenda kulinda jumba la tajiri Burns, na Burns kabla ya kuondoka anakata waya wa televisheni na kuondoa bia yote. Ndicho kinachomtia Homer wazimu! Hofu yote ile nzito ya Kubrick wameifunga kwenye kukosa bia na televisheni, na bado unaogopa kidogo. Hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Mjomba alikaa kimya muda wote. Homer alipotoboa mlango kwa shoka, akapenyeza uso na kupiga kelele "Huyu hapa Johnny!", mjomba akasema, "Hapa anaigwa mtu."

Nikamwuliza, "Unamjua, mjomba?"

"Simjui. Lakini sura kabadilisha, sauti si yake, na kasimama pale ili tumwone."

Jamani, nilisimamisha picha. Kwa wasiojua, lipiko ni mchezaji anayevaa kinyago kizima kichwani, kama kofia, anaona kupitia mdomo wa kile kinyago. Na wachongaji wa Kimakonde tangu zamani wamechonga humo watu wa kila namna, wageni wakiwemo: Mzungu, Mhindi. Mtoto aliyezaliwa juzi hajamwona mkoloni hata mmoja, lakini lipiko la Mzungu likiingia uwanjani na shingo imekakamaa, anacheka. Anacheka kwa sababu ile shingo inatosha. Mjomba alikuwa anaitazama katuni ya Marekani kwa jicho hilohilo, na mimi niliyeiona filamu sikuwa nimefikiria hivyo.

Sasa hapo mlangoni pana tabaka juu ya tabaka. Maneno "Huyu hapa Johnny" kwenye filamu ameyasema Jack Nicholson, lakini si yake. Yalikuwa ya Ed McMahon, mtangazaji aliyekuwa akimkaribisha Johnny Carson kwenye kipindi chake cha usiku. Kwa hiyo Homer anamwiga mtu anayemwiga mtu. Halafu anakosea chumba! Ndani hamna mtu. Anavunja mlango wa pili, safari hii anajiita David Letterman, mtangazaji mwingine wa usiku, na ndani amekaa babu, anamwitikia kwa adabu: habari David, mimi Babu. Watoto walianguka. Hawamjui Letterman, hawana haja naye. Mwenye shoka anapokelewa kama mgeni, basi, imekwisha.

Mlango wa tatu Homer anataja watangazaji wa 60 Minutes, kipindi cha habari cha Marekani, mmoja baada ya mwingine. Kimya. Nikaanza kueleza ni akina nani na kicheko kikazidi kufa. Utani huo umejengwa kwa majina matupu, na jina likiwa halijafika kwenu hakuna cha kushika. Huo ndio udhaifu mkubwa wa msimu huu, unajirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Angalia "Bart of Darkness" jinsi inavyoukwepa. Inaiga Rear Window, filamu ya Hitchcock ya 1954, ya mpiga picha aliyevunjika mguu anayewachungulia majirani dirishani. Bart, mtoto wa kiume wa Homer, kavunjika mguu, yuko dirishani na darubini, anaamini jirani yake Flanders kamuua mkewe. Kila mtaa una mtu wa dirishani, nani aelezwe hapo? Kuna sekunde chache anatokea yule mpiga picha wa filamu yenyewe, kwenye dirisha lake. Mimi niliruka kitini, watoto wala hawakugeuka, na kisa kikaendelea bila kumwacha mtu nyuma.

"Two Dozen and One Greyhounds" ilinipa somo kinyume. Burns anaimba akijisifia nguo zake za ngozi za wanyama, na wimbo unafuata ule wa vyombo vinavyokaribisha mgeni kwenye Beauty and the Beast ya 1991. Mpwa wangu wa miaka tisa anaujua ule wa asili, akauimba juu ya huu. Siku ile mjuzi alikuwa yeye, sisi wakubwa tukawa wanafunzi.

Na hii lazima niwaambie. Sehemu ya "'Round Springfield" ni ya huzuni, anafariki mpiga saksofoni ambaye Lisa, binti wa Homer, alimwona kama mwalimu wake. Mwishoni anamtokea mawinguni, na ghafla anatokea Mufasa wa The Lion King, anaamuru kifo chake kilipizwe: "Kimba... yaani, Simba." Wanachokoza ule mjadala kwamba Simba anafanana mno na Kimba, simba mweupe wa katuni ya Kijapani ya Osamu Tezuka. Sasa nyie mnajua kimba kwa Kiswahili ni nini! Barazani hapa hatukusikia maneno yaliyofuata. Sidhani kama waandishi walijua walichotutupia.

"A Star Is Burns" irukeni. Wamemleta mhusika wa katuni nyingine, The Critic, ili kuitangaza, na Matt Groening mwenyewe, mwanzilishi wa Simpsons, aliondoa jina lake kwenye sehemu hiyo. "Who Shot Mr. Burns?" inaiga fumbo la 1980 la tamthilia ya Marekani ya Dallas, la nani kampiga risasi mhusika wake, nayo inasimama vizuri kama fumbo. Aliyepiga risasi simtaji.

Anzeni na "The Shinning". Jumapili yake mchana mama alirudi kutoka msibani Mikindani, katuni hakuiona hata kidogo, akaingia jikoni moja kwa moja. Mtoto mdogo wa dada akachukua mwiko, akagonga mlango wa jiko kwa nguvu, akapenyeza uso kwenye upenyo, na kwa sauti ya mtangazaji wa mpira wa redioni akapiga kelele: "Naaam, msikilizaji, mpira umeanza!"

Mama hakuinua hata kichwa. "Karibu, mtangazaji. Samaki bado."